AFYA NYUMBANI: Mtoto Akiachishwa Ziwa

Mtu wa Kombewa hawezi kusema kwamba nchi yake haina samaki. Teremka asubuhi mpaka pwani ya Asat au Kaloka, utaona omena imeanikwa juani ikimeta kama fedha. Lakini nyingi hutiwa magunia ikachukuliwa mbali, na sehemu kubwa husagwa ikawa chakula cha kuku. Na huku mtoto wa mvuvi anywa uji wa mahindi matupu.

Hapo ndipo hatari ianzapo. Mama apatapo mimba nyingine, mtoto huachishwa ziwa mara moja, akapewa vyakula vya kujaza tumbo tu. Baadaye miguu huvimba, uso hujaa, nywele hugeuka nyekundu, wala mtoto hana hamu ya kucheza. Wengine husema, "Amenenepa." Wengine husema ni chira, wakamtafuta aliyevunja mwiko.

Mwaka 1935 Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi iitwayo leo Ghana, aliueleza ugonjwa huu kwa jina la wenyeji wa kabila la Ga: kwashakoo, yaani maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani na mdogo wake. Wazee wetu tuwaheshimu, lakini tusimtafute mkosaji huku mtoto anaangamia. Asili yake ni upungufu wa chakula bora, na kuhara na maradhi mengine huuzidisha.

Jaribu hivi: bonyeza juu ya nyayo zake kwa kidole gumba kwa muda mfupi. Kishimo kikibaki katika miguu yote miwili, usingoje kesho, mpeleke hospitali.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, kisha apewe chakula na kuendelea kunyonya mpaka atimize miaka 2 au zaidi. Kwa kawaida mimba peke yake si sababu ya kumwachisha.

Chakula chenyewe ki karibu. Osha omena kwa maji ya moto mara kadhaa hata mchanga uishe, ikaushe vema, uitwange na kuichekecha. Unga huo, kijiko kimoja au viwili, utie katika uji wa wimbi au mtama. Vichwa na mifupa usitupe, maana humo mna nguvu ya mifupa na meno. Ugali wake uende na kunde, osuga au mrenda uliopikwa kwa muda mfupi; na nyoyo iliyopondwa vizuri yamfaa pia. Tena apakuliwe katika sahani yake mwenyewe, kwani mdogo hawezi kushindana na wakubwa.

Nawe Bwana karani, nawe Bwana mkulima, usiseme kwamba jambo hili ni la akina mama. Wewe ndiwe ushikaye fedha, na kipande kizuri cha samaki huwekwa mbele yako. Kabla ya kuuza omena yote, weka gorogoro moja nyumbani, hasa kabla ya miezi ile ambayo uvuvi wake hufungwa.

Mtoto akiachishwa ziwa la mama yake, basi asinyimwe Ziwa lililo mlangoni pake.