Fundi Atangulie Sanduku: Rai Juu ya Kikosi cha Roboti Likasi

Maadamu mji wa Likasi, huku Katanga nchini Kongo, umekaa karibu miaka mia ukiyayeyusha na kuyasafisha madini ambayo mataifa mengine huyageuza kuwa mitambo, hapana ajabu mtu akisema kwamba vijana wa mji huu wanastahili kuwa na kikosi chao cha kushindana katika sanaa ya kuunda roboti. Na mimi ni mmoja wa wanaolisema neno hilo. Walakini nalisema kwa sharti moja, nalo ndilo kiini cha makala haya: kikosi hicho kianze kwa fundi na karakana, na sanduku la vifaa kutoka ng'ambo lifuate nyuma.

Wasiopata kuyatazama mashindano haya huenda wakayadhania kuwa ni mchezo wa watoto wa matajiri. Katika mashindano ya FIRST Global, yaliyofanywa mara ya kwanza mjini Washington mwezi wa Julai 2017, kila nchi huleta kikosi kimoja cha vijana wa miaka 14 hadi 18, wote wakiwa wamepewa vifaa vya namna moja. Roboti huingia uwanjani kwa muda wa dakika mbili na nusu, nchi tatu zikisimama upande mmoja kuzikabili nchi tatu nyingine, hata ikawa yule uliyepambana naye asubuhi ndiye mshirika wako alasiri. Mwaka ule wa kwanza mchezo ulihusu maji: mipira ya buluu iliwakilisha maji safi, ile ya rangi ya chungwa maji machafu, na roboti ilipaswa kuitenga. Kijana anayeandaa mashine ya namna hiyo hana budi kujifunza hesabu za gia, nguvu za mota na uandishi wa programu, na, lililo gumu kuliko yote hayo, kukiri mbele ya wenzake kwamba rai ya mwingine imeishinda yake. Wala Afrika haikungoja kualikwa, kwani tangu mwaka 2016 mhandisi Msenegali, Sidy Ndao, alikwisha kuanzisha mjini Dakar mashindano ya roboti kwa vijana wa bara zima.

Sasa na tuutazame mji wetu kwa insafu. Kabla ya kuja Wazungu, mafundi wa nchi hii waliyeyusha shaba wakaimimina katika kalibu za misalaba, na M'siri alipotoka Unyamwezi akaja kusimamisha enzi yake Bunkeya, alikijua vyema alichokifuata. Ikaundwa kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1906. Mji ukainuka ukaitwa Jadotville, jina lililodumu hata mwaka 1966. Kiwanda cha Shituru kikaanza mwaka 1929 kuisafisha shaba kwa nguvu za umeme, na mwaka uliofuata maporomoko ya Mwadingusha, katika mto Lufira, yakatiwa mitambo ya kuutoa umeme huo. Huko Panda zikakaa karakana kuu, ambamo vyuma vilikerezwa, vipuri vikaundwa na mashine zilizochoka zikarudishiwa uhai kwa mikono ya babu zetu na baba zetu. Kisha Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière, ikadhoofika, na mwaka 2003 ukaja ule mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ambao kwao wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kazini kwa jina la kuondoka kwa hiari. Wengi wa hao wamekwisha kufariki. Waliobaki wamekaa barazani na maarifa yao, wala hapana mtu anayewauliza kitu. Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wana wetu leo hawasani wala hawavukuti, na baadhi yao wameichukua sururu wakaingia mashimoni kabla hawajamaliza shule.

Kwa hiyo nauogopa mradi unaoanza kwa hafla. Sanduku hufika, hotuba husomwa, picha hupigwa. Kisha, kwa kuwa kipande kimoja kikipotea hapana wa kukilipa, mkuu wa shule hulifungia kabatini, na vijana hupewa kulitazama kama watu wanaozuru makumbusho. Siku mota itakapoungua, mradi wote huungua nayo, kwa sababu mrithi wa sanduku hana maarifa ila yale yaliyoandikwa kwenye karatasi iliyokuja ndani yake. Akitangulia fundi, mambo hugeuka. Mota ya kufutia vioo vya gari iliyotupwa, betri ya pikipiki, mabati na waya wa shaba, pamoja na kompyuta ndogo ya Arduino, ambayo ni karibu kitu cha pekee kitakachonunuliwa kipya, vyatosha kuunda roboti ya kwanza. Itakuwa nzito, itakuwa na sura mbaya, lakini itakwenda. Mzee aliyetunza vinu vya kusagia mawe ya madini hahitaji kitabu ili aeleze kwa nini mota iendayo mbio haina nguvu ya kuinua mzigo mpaka gia zipunguze mbio zake na kuzidisha nguvu zake. Amelitenda jambo hilo kwa mitambo ya tani nyingi, na hapana tofauti ila ukubwa. Hata mota ikiungua, hiyo ndiyo siku ya darasa lililo bora: ifunguliwe, waya wake uhesabiwe mizunguko, isukwe upya.

Basi naona kikosi kisiwe mali ya shule moja, bali kikutane kila Jumamosi mahali pamoja, na kichukue vijana wa Panda, Shituru, Kikula na Likasi kwa kadiri iliyo sawa. Wastaafu wafundishe mikono. Walimu na wanafunzi wa Taasisi ya Juu ya Ualimu na Ufundi, ISPT, wafundishe programu. Wazee hao walipwe ada, kwani shukrani haziingii sufuriani. Nusu ya kikosi iwe wasichana, na akitokea wa kutia shaka akumbushwe zile roboti za kuongoza magari zilizosimamishwa katika njia za Kinshasa mwaka 2013, zenye mwili wa aluminiamu na kula umeme wa jua, ambazo ziliundwa nchini humu chini ya uongozi wa mhandisi mwanamke, Thérèse Izay Kirongozi. Tena, madhali katika FIRST Global nchi hupeleka kikosi kimoja tu, vijana wa Likasi wasiwe wakiota ndege tangu mwanzo. Wapimane kwanza na wenzao wa Lubumbashi na Kolwezi, ambako huendeka kwa gari.

Kazi ya kwanza ya kuwapa nayo haiko mbali. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno mwilini. Kijana atakayeunda chombo kidogo cha kwenda mtoni kuteka maji ili yapimwe kobalti hiyo maabara atakuwa ameucheza mchezo ule wa Washington katika maji yetu wenyewe.

Zipo hoja mbili za kunipinga, nami sizidharau. Ya kwanza ni kwamba mwenye njaa hahitaji roboti. Ni kweli, wala roboti haiwi badala ya mkate. Lakini mwenye njaa anahitaji kazi, na migodi mipya inayozunguka mji huu yahitaji watu wajuao umeme na mashine, ambao tusipowafundisha sisi watatoka kwingine. Ya pili ni kwamba vijana wakifika ng'ambo hawatarudi, na ushahidi hutolewa wa vijana sita wa Burundi waliotoweka mjini Washington baada ya mashindano yale ya 2017, wawili wao wakionekana wakivuka kuingia Kanada. Sitawahukumu, kwa kuwa nchi yao ilikuwa katika fitina. Nasema tu kwamba kikosi kilichojengwa juu ya safari huishia safarini, ilhali karakana haipandi ndege: wakiondoka sita, hubaki fundi, meza, na wengine waliokwisha kujifunza.

Shule hufunguliwa Septemba. Meya na atafute chumba chenye mlango na kufuli. Makampuni ya madini, badala ya kutugawia fulana na kofia, yatoe meza za kazi, vyuma chakavu na ada ya mafundi. Wazazi watoe Jumamosi za watoto wao. Na baada ya mwaka mmoja mradi usipimwe kwa vikombe. Ipelekwe mbele ya kikosi mota iliyoungua, na waulizwe nani kati yao awezaye kuisuka ikazunguka tena.