Ujuzi wa Shamba Usifungiwe Sandukuni

Ndugu Wanachama,

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mchuma chai, alifika ofisini kwetu na habari ya huzuni. Mkewe alikuwa amempigia simu kutoka nyumbani: mahindi yameshikwa na lile gugu la zambarau ambalo Waluo huliita kayongo, na shamba litatoa debe chache tu. Jirani ajua njia ya kulishinda gugu hilo bila dawa ya duka, lakini amesema aletewe kwanza shilingi 1,000 ndipo afundishe. Na jirani huyo, ndugu zangu, ni mwanachama wetu.

Jambo hili si la kunyamazia. Chama chetu hupigania mishahara, lakini kila mmoja wetu ajua mshahara uendako. Shamba la nyumbani lisipozaa, fedha yote hurudi dukani kununua unga. Nyongeza tuliyoipata kwa taabu huliwa na funza na magugu kabla haijafika mfukoni. Kwa hiyo ujuzi wa kulima ni sehemu ya mshahara wetu, na anayemficha mwenzake ujuzi huo amkata mshahara.

Ujuzi aliotaka kuuza jirani yule huitwa sukuma-vuta. Twauandika hapa bure.

Kati ya mistari ya mahindi panda desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde. Kuzunguka shamba lote panda mistari mitatu ya majani ya nepia. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo anayezaa funza wa mabua, na nepia humvuta kando. Akitaga mayai kwenye nepia, funza wengi hufa humo humo. Tena mizizi ya desmodiamu huziotesha mbegu za kayongo na kuziua kabla hazijashika mizizi ya mahindi. Udongo hupata rutuba, na ng'ombe hupata malisio.

Mbegu ya desmodiamu ni ghali, lakini hapana lazima ya kununua. Kata kipande cha mmea wenyewe chenye vifundo, ukizike wakati wa mvua, nacho kitaota. Mwenye mstari mmoja msimu huu aweza kuwapa jirani zake wote msimu ujao, wala wake hautapungua. Ila afundishaye na aseme kweli yote: msimu wa kwanza desmodiamu hukua polepole, nayo yataka kupaliliwa vizuri. Asiyeambiwa hayo hukata tamaa akang'oa.

Njia hii ilichunguzwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, katika miaka ya 1990, na wataalamu wa kituo cha ICIPE pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Hawakuificha. Wakulima walifundishwa, nao wakawafundisha wakulima wenzao. Ikiwa wenye kuivumbua waliitoa, sisi tuliopewa twaiuza kwa haki gani?

Hata mboji ina historia kama hiyo. Bwana Albert Howard, Mwingereza, alikaa miaka mingi Bara Hindi akijifunza kwa wakulima wa huko, na mwaka 1931 yeye na mwenzake Yeshwant Wad wakaandika kitabu kueleza njia ya Indore hatua kwa hatua. Katika miaka hiyo ya 1930 mashamba makubwa ya kahawa ya Kenya yakaanza kuitumia. Na ni nani waliobeba samadi na kugeuza marundo yale kwa uma? Ni vibarua. Njia ni hii: tabaka la mabua makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, udongo na majivu kidogo, maji, kisha anza tena. Chomeka fimbo ndefu katikati. Ukiichomoa baada ya siku chache iwe moto na yenye unyevu. Ikiwa kavu, ongeza maji. Geuza rundo baada ya majuma mawili au matatu, kisha tena baadaye. Kwa muda wa miezi mitatu hivi mboji itakuwa tayari.

Wengine wataogopa sheria. Ni kweli, kwa miaka mingi Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ilimtisha mkulima aliyempa jirani mbegu isiyoandikishwa: faini hadi shilingi 1,000,000 au kifungo hadi miaka 2. Lakini mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwazuia wakulima kuweka na kugawana mbegu zao za asili ni kinyume cha Katiba. Hawakuwa matajiri. Walisimama pamoja. Wanachama wa chama cha wafanyakazi wanalifahamu somo hilo.

Twasikia pia neno la yule jirani: "Nilitumia nauli na siku zangu kujifunza, nitalipwa na nani?" Neno hilo lina haki. Anayetoka kwake kwenda kufundisha kijiji kingine apewe nauli na chakula, na tawi litoe. Lakini ujuzi wenyewe usipangiwe bei kati ya ndugu na ndugu. Mkate ukigawanywa hupungua. Ujuzi ukigawanywa huongezeka.

Basi twaomba kila tawi lifanye mambo matatu kabla ya mvua za masika. Kwanza, liandike majina ya wanachama wenye kujua mboji, sukuma-vuta na mbegu za kienyeji. Pili, kila mkutano wa mwezi mmoja wao apewe nusu saa afundishe, aseme yaliyofaulu na yaliyomshinda. Tatu, wenye desmodiamu walete vipande mkutanoni vigawanywe bure.

Mchuma chai yule tulimpa kwa kinywa haya mliyoyasoma. Jirani yake naye twamngoja katika mkutano ujao, aje kama mwalimu. Kiti chake kipo.

Umoja ni nguvu.

Mhariri