SESIAMU: JINA MOJA, HATARI MBALIMBALI



Wenzetu wa yadi za vyuma chakavu huko Changamwe hutuuliza: sesiamu ni hatari au si hatari? Twajibu wazi: iko sesiamu na sesiamu.

Sesiamu ya kawaida, namba 133, hutoka ardhini. Ikiungana na klorini huwa unga mweupe mfano wa chumvi. Si kitu cha kutia kinywani, maana ikiwa nyingi hudhuru moyo. Lakini haitoi miali. Sesiamu namba 137 haichimbwi, huzaliwa katika mitambo ya atomiki. Hutumiwa katika vyombo vya hospitali na vya viwandani, kama vile vya kupimia kiasi cha mafuta ndani ya tangi. Hiyo hutoa miali ipenyayo mwili hata usipoigusa, na nusu ya nguvu zake huisha baada ya miaka 30.

Nayo pia ikiungana na klorini huwa chumvi ile ile. Jina halikulindi, wala pua, wala ulimi.

Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili walichukua chombo katika kliniki iliyohamwa, wakakiuza kwa mwenye yadi ya vyuma. Unga wa ndani uling'aa buluu gizani, watu wakagawiana kama johari. Walikufa wanne: mtoto wa miaka sita, mke wa mwenye yadi, na vijana wawili waliokuwa wafanya kazi wake.

Wako wasemao kwamba hayo ni ya mbali. Je, wamesahau Owino Uhuru, karibu na Mikindani? Sumu ile ilikuwa risasi ya betri kuukuu, si miali. Lakini mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, watu walipokwisha dhurika. Fidia hairudishi afya.

Kenya ina sheria ya nyuklia tangu mwaka 2019. Basi twataka waajiri waweke kipimo cha miali langoni mwa kila yadi, na hati ya kila chombo kabla hakijakatwa.

Nawe ndugu, ukiona alama ya manjano yenye mapanga matatu, usikate, usifungue. Jitenge, waonye wenzio, mwite mjumbe wa chama. Hakuna mshahara wa kulipia hayo.

Tahadhari kabla ya athari.