Shule Yetu Iwe na Akiba ya Kurasa

Wasomaji wa gazeti letu, napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulilalamikia na wachache hulitafutia dawa, yaani kukosa mtandao wakati wa kusoma.

Hapa Mang'ula tumekaa chini ya milima ya Udzungwa. Mvua za masika zikianza mtandao husuasua, na siku nyingine hupotea kabisa. Wala shida hii si yetu peke yetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, hata watu wa Dar es Salaam wakapata taabu. Basi mwenye kutegemea mtandao tu ni kama mtu atekaye kisimani kila akiona kiu, na nyumbani hana mtungi.

Labda mtu atasema ya kuwa kivinjari cha kompyuta hujiwekea akiba chenyewe. Ni kweli. Hutunza nakala za picha na maandishi ya ukurasa uliokwisha kufunguliwa, ili siku ya pili kisiyavute tena kutoka mbali. Lakini nafasi ikijaa hufuta vya zamani bila kutuuliza, na mara nyingi mtandao ukikosekana ukurasa hukataa kufunguka ingawa vipande vyake vimo ndani.

Kwa hiyo yatupasa tuweke akiba kwa makusudi. Iko programu iitwayo Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, nayo hutolewa bure. Kwa programu hiyo mtu huchukua Wikipedia nzima mara moja, akaisoma baadaye pasipo mtandao wowote. Ya Kiingereza pamoja na picha zake huchukua kama gigabaiti 100, nayo huenea katika diski ya kubebwa mkononi. Ya Kiswahili ni ndogo sana kuliko hiyo. Kompyuta moja yenye akiba yaweza kuzigawia kompyuta zote za chumba.

Faida ni tatu. Kwanza, wanafunzi 40 wakitaka kusoma juu ya mzunguko wa damu, gharama ya kuvuta ukurasa hulipwa mara moja tu. Pili, sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu, na wazazi huogopa upuuzi wa mtandaoni. Katika akiba mtakuwamo yale tu waliyoyachagua walimu. Tatu, wako wenzetu ambao kwao, huko kwenye mashamba ya mpunga, hakuna simu ya kuvinjari. Hao nao watasoma sawa na mtoto wa mwenye simu, na mtihani ni mmoja kwa wote.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii yetu huchakaa. Habari za usanisinuru hazibadiliki upesi, lakini hesabu ya watu na majina ya mawaziri hubadilika. Dawa yake ni kuifanya upya kila muhula na kuiandika tarehe, ili msomaji ajue umri wake.

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka baada ya mtihani wa Novemba, wala hatutaifaidi sana. Hata hivyo nawaomba walimu na wazazi watununulie diski moja, na wadogo zetu wa Kidato cha Pili wafundishwe kuitunza.