Kibali cha kimataifa si leseni ya kazi Ghuba

Mwezi uliopita mpwa wangu kutoka Kisauni alinijia nyumbani baada ya Magharibi, bahasha mkononi na uso umejaa furaha. Amepata kazi ya udereva Dubai. "Mjomba, kila kitu tayari," akaniambia. "Hata leseni ya kimataifa ninayo, tena ya miaka 10. Wakala amenipatia mtandaoni."

Furaha yangu iliishia hapo. Mikataba ya kimataifa inayotambua vibali hivi ni ule wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968. Wa kwanza unatoa mwaka 1, wa pili hauzidi miaka 3. Anayekuuzia cha miaka 10 amekuuzia karatasi.

Jina "leseni ya kimataifa" ndilo linalotupoteza. Kile ni kibali tu, kijitabu kinachotafsiri leseni uliyonayo kwa lugha kadhaa, Kiarabu kikiwemo, ili askari wa barabarani ugenini ajue waruhusiwa kuendesha gari la aina gani. Bila leseni yako ya Kenya kando yake, hakina kazi. Tena hutolewa na nchi iliyokupa leseni, kwa hivyo kishughulikie kabla ya kupanda ndege. Hapa kwetu AA Kenya ndio wanaovitoa.

Lakini hata kilicho halali kina mpaka wake. Ni cha mgeni. Ukienda Imarati kutembelea jamaa na ukataka kukodi gari, kitakufaa. Ukishapewa ukaazi, ukaandikwa kazi ya udereva, sheria inakutaka uwe na leseni ya kule kule. Wengi wetu hulazimika kuingia shule ya udereva na kufanya mtihani, gharama yake dirham elfu kadhaa, na kujifunza upya kushika upande wa kulia wa barabara.

Je, gharama hiyo ni ya nani? Mara nyingi kijana haulizi, na wakala hasemi. Anafika, anaambiwa pesa zitakatwa kwenye mshahara, na miezi ya mwanzo anafanyia kazi deni. Mbaya zaidi ni yule anayepewa ufunguo aendeshe hivyo hivyo. Akimgonga mtu hali hana leseni inayokubalika, kampuni ya bima ina sababu ya kujitoa, na diya ikabaki shingoni mwake. Hapo simu italia Mombasa. Tutachangishana misikitini, na huenda kiwanja cha mama kikauzwa.

Najua wapo watakaosema tusiwavunje moyo mawakala, kwani ajira hapa Pwani ni haba na riziki ya vijana iko ng'ambo. Ni kweli, na wapo mawakala waaminifu. Wakala mwaminifu hataona taabu kuandika kwenye mkataba nani atalipia mafunzo na mtihani, na kijana ataendesha lini. Tena Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa. Kulitafuta jina humo ni kazi ya dakika chache.

Maimamu na wazee wa mitaa nao wana nafasi yao. Kijana anapoletwa aombewe dua ya safari, na aulizwe pia mkataba wake unasema nini kuhusu leseni. Kuuliza si ujinga.

Mpwa wangu hajasafiri bado. Alimrudia wakala kumtaka aandike nani atalipia leseni ya kule, na mpaka naandika haya hajajibiwa. Mamake amenuna, anaona nimemzuilia mwanawe riziki. Namwelewa. Lakini afadhali aninunie mimi leo kuliko kesho tukae baraza moja tukihesabu mchango wa diya.