Samaki wa mito ya Uvira wapewe majina hapa hapa

Katika mawe ya mto Ruzizi, pale maji yanapokwenda kasi, anaishi samaki mdogo ambaye watu wachache wamemtazama vizuri. Mdomo wake uko upande wa chini na umeumbwa kama kikombe. Kwa mdomo huo anajibandika kwenye jiwe ili mkondo usimchukue. Wataalamu wanamwita Chiloglanis ruziziensis. Jina hilo alipewa mwaka 1993 na Mbelgiji Luc De Vos, ambaye mwaka huo huo alimtambulisha pia ndugu yake, Chiloglanis asymetricaudalis, aliyeitwa hivyo kwa sababu pande mbili za mkia wake hazilingani.

Kabla ya 1993 samaki hao walikuwepo mtoni kama walivyo leo. Lakini kwenye vitabu vya serikali na kwenye mipango ya maendeleo hawakuwepo. Samaki asiye na jina hahesabiwi, na asiyehesabiwa hana wa kumtetea.

Jambo hilo si dogo kwa Ruzizi. Mto huo una bwawa la Ruzizi I tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II tangu mwaka 1989. Sasa Kongo, Rwanda na Burundi zinaandaa Ruzizi III. Wakaaji wanaolala gizani wanahitaji umeme, na hakuna haja ya kuupinga. Hata hivyo, bwawa hugeuza maji ya kasi kuwa maji yaliyotulia, na samaki aliyeumbwa kukaa kwenye mkondo hawezi kuhamia popote. Wanaoandika ripoti ya mazingira huangalia kwanza orodha ya viumbe vinavyojulikana. Kama orodha ina mapengo, ripoti nayo itakuwa na mapengo.

Ruzizi angalau imechunguzwa. Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira na vijito vingine vinavyoshuka kutoka milimani hadi ziwani vinahitaji macho zaidi. Baada ya mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika na kuua makumi ya watu mjini Uvira, kila mtu alitaka mto udhibitiwe. Ni haki yao, maana uhai wa watu unatangulia. Lakini kabla ya mashine kuingia mtoni kuhamisha mawe, siku chache za kutega nyavu na kuandika kilichomo haziwezi kuchelewesha kazi.

Kuna watakaosema kwamba wenye njaa wanataka ndagala, hawataki Kilatini. Wakumbuke sambaza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walichukua ndagala wachanga wa Tanganyika na kuwamwaga katika ziwa Kivu. Ndagala wa Tanganyika ni wa aina mbili, na wachanga wao ni vigumu kuwatofautisha kwa macho. Aliyetarajiwa zaidi ni Stolothrissa tanganicae, lakini aliyeshika na kuzaana ni Limnothrissa miodon. Huyo ndiye sambaza anayelisha Bukavu na Goma hadi leo. Kumjua samaki kwa usahihi ni jambo la sufuria pia.

Kumpa samaki jina ni kazi ya subira. Mtaalamu huhesabu miiba ya mapezi na magamba, hupima kichwa na mkia, huchukua kipande cha nyama kwa kipimo cha ADN, kisha hulinganisha na samaki waliohifadhiwa zamani. Mmoja kati ya samaki hao hutengwa na kutunzwa ndani ya alkoli, awe shahidi wa jina hilo siku zote. Tatizo ni kwamba mashahidi wengi wa samaki wa Kongo wako Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mwanafunzi wa Uvira anayetaka kulinganisha samaki wa mto wa kwao anahitaji viza.

Hata hivyo Wakongomani wameonyesha kwamba wanaiweza kazi hii. Mwaka 2020 Tchalondawa Kisekelwa, wa ISP Bukavu, alichapisha pamoja na wenzake orodha ya samaki wa mito inayotoka katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Mwaka huo huo Bauchet Katemo Manda wa Lubumbashi na wenzake walitambulisha samaki mpya wa kusini-mashariki, Enteromius thespesios, ambaye dume na jike hutofautiana kwa namna ya ajabu.

Uvira ina CRH, kituo cha utafiti wa maji kilichoanzia enzi za IRSAC, taasisi iliyoundwa mwaka 1947. Kituo hicho kipewe chumba salama cha kuhifadhia samaki, alkoli ya kutosha, na bajeti ya vijana wawili watatu wa kwenda mtoni kila msimu. Kila mradi mkubwa wa mto ulipie kwanza uchunguzi wa samaki, na sehemu ya samaki wanaokusanywa ibaki Uvira. Wavuvi nao waulizwe, na majina yao ya Kifuliiru, Kivira na Kibembe yaandikwe kando ya yale ya Kilatini.

Hakuna haja ya kumsubiri mgeni mwingine aje kuwaambia watu wa Uvira kilichomo ndani ya mito yao. Akichelewa, huenda akakuta mawe matupu.