NANI MKAIDI?

Ndugu wafanyakazi wa Kibomet,

Twasikia kila siku kwamba wagonjwa wa presha ni wakaidi: wapewa dawa, waziacha, kisha waanguka. Na sisi twauliza: je, walielezwa nini?

Mgonjwa hupanga foleni tangu alfajiri. Akifika mbele hufungwa mkono, husomewa hesabu mbili, hupewa vidonge na kuambiwa, "Punguza chumvi, punguza mawazo. Mwingine!" Mawazo atayapunguzaje, na karo ya mtoto haijalipwa? Hakuambiwa kwamba hesabu ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, na ya chini ni wakati unapopumzika. Wala kwamba ikidumu 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha. Hakuambiwa kwamba chumvi ya kutwa nzima haifai kupita gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate. Zaidi ya yote, hakuambiwa kwamba vidonge haviondoi presha, vyaizuia tu. Basi vikiisha, naye ajiona mzima, abeba magunia ya mahindi kama jana, kwa nini anunue vingine? Kwa alivyojua, ametenda kwa akili. Presha haina maumivu, mpaka siku mshipa wa ubongo upasukapo au moyo ushindwapo na kazi.

Wako na wenzetu wasemao huu ni ugonjwa wa matajiri. Uongo! Uchunguzi wa serikali wa 2015 ulikuta presha kwa karibu mtu mzima 1 katika kila 4 wa Kenya, na watu 56 katika kila 100 hawajapata kupimwa hata mara moja. Matajiri wa nchi hii hawafiki idadi hiyo.

Sasa mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Lakini mtu wa presha akiomba ruhusa ya kliniki hujibiwa, "Mbona huumwi?" Akienda, akatwa siku. Kibarua ndiye haulizi hata kuuliza. Na bima ya afya twakatwa asilimia 2.75 kila mwezi, bila kuchelewa!

Wasituambie haiwezekani. Huku huku magharibi ya Kenya, AMPATH imejaribu vikundi ambamo wagonjwa hupimwa, hufundishwa, huulizana na kuweka akiba pamoja. Kikundi kama hicho chaweza kukaa kiwandani saa ya chakula. Twataka mashine ya kupimia kila mahali pa kazi, muuguzi wa kueleza kwa lugha yetu, na siku ya kliniki isiyokatwa.

Hoja italetwa katika mkutano wa tawi. Kila mjumbe aje na hesabu ya waliokatwa mshahara kwa sababu ya kliniki.